Mlezi wa Neno

Ubongo ule ulikuwa mzima. Niliwaita wenzangu waje wanitazamie kama macho yangu yameanza kuzeeka, wakaja, wakakodoa, wakarudi kwenye chai yao wakisema, "Skola, umefungua picha ya mtu mwingine." Sikufungua picha ya mtu mwingine. Aliyekuwa amelala ndani ya mashine alikuwa Doto Malongo, mama wa makamo ya bibi yangu mdogo, na kadi yake ilikuwa na doa jekundu la Hatua ya Nne.

Sasa we niambie. Ubongo wa mtu wa Nne huwa umenywea kama michembe, vile viazi vya kukaushwa juani. Wa Doto ulikuwa umejaa fuvu lake vizuri kabisa, ila upande wa kushoto kulikuwa na kitu kinausukuma. Ilikuwa damu ya zamani, imetandazika kati ya mfupa na ubongo, imetulia pale kama mgeni asiyeaga. Damu ya kuanguka, hiyo. Nilimwuliza pacha wake aliyemleta, akasema ndiyo, wakati wa masika Doto aliteleza kwenye tope la zizini akapiga kichwa kwenye nguzo, na wala hawakuona sababu ya kumsumbua daktari kwa nundu. Hali kama ile mpasuaji huitobolea kijitundu, anainyonya, na mgonjwa anaamka anaomba uji.

Mimi ni Skolastika Gama, Mngoni wa watu, daktari msomaji wa hatua katika kituo chetu kidogo cha Bariadi. Kazi yangu ni kusoma damu za wazee. Zamani, nasikia, daktari alikaa na mzee akamwuliza leo ni siku gani, kisha akawauliza watoto: baba anasahau? Na watoto wa nchi hii, hata kama baba ameshakojoa kwenye kabati la vyombo, watakujibu, "Aa, mzee yuko fiti." Nani atamwanika mzazi wake mbele ya mgeni? Basi wakubwa wakachoka na uongo wetu wa heshima. Wakasema tutaiuliza damu, damu haina aibu.

Na damu kweli inasema. Ugonjwa wa Alzheimer unaacha alama mbili. Kuna amiloidi, uchafu unaoganda nje ya seli za ubongo, na kuna tau, nyuzi zinazojisokota ndani ya seli zenyewe mpaka zife. Tone la damu kwenye kipimio linaonyesha viwili hivyo vimefika wapi. Amiloidi peke yake ni Hatua ya Kwanza. Tau ikianza kujisokota ni ya Pili, ikienea ni ya Tatu, ikitapakaa kote ni ya Nne. Lakini mabwana waliobuni ngazi hii walikuwa na ngazi nyingine pembeni yake, ya kumwangalia mtu anaishije: anapika mwenyewe? Anaijua njia ya kwao? Walijua kwamba iko damu mbaya inayotembea chini ya kichwa kizuri, tena miaka na miaka. Walioandika Sheria ya Hatua waliiona ngazi ya pili ni usumbufu. Wakaitupa, wakabaki na damu.

Ukifika Nne, unapewa mlezi wa neno. Kuanzia siku hiyo ukisema nauza, hujauza. Ukisema naumwa, huumwi mpaka mlezi wako aseme. Ushahidi wako haupo, kiapo chako hakipo, na kisu cha mpasuaji hakikugusi, kwa sababu wa Nne hatengenezwi kichwa. Ni hasara kwa taifa, walisema hivyo bungeni bila haya. Kwa hiyo Doto, mwenye ugonjwa wa kutobolewa kijitundu, alikuwa anakufa polepole kwa ajili ya doa jekundu.

Nikamchoma kidole upya. Kipimio kilinirudishia majibu kabla sijamaliza kufunga pamba. Damu ya Doto ilikuwa safi. Hakuwa hata na Hatua ya Kwanza.

*

Pacha wake, Kulwa, alikuwa barazani anamenya chungwa kwa kucha. Sura ileile, kimo kilekile, mwanya uleule wa meno. Tofauti yao ilikuwa macho: ya Kulwa yalikuwa yanakutazama kabla hujafika. Alikuwa mjumbe wa baraza la kata, na watu waliokuwa wakigombania mipaka na mirathi walikuwa wanaomba kabisa shauri lao lisubiri siku ambayo yeye yupo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mtumwa wangu. Siku hizi Wangoni mnatibu? Zamani mlikuja huku kutuibia ng'ombe tu."

"Tuliwaachia ndama, mkawala wenyewe kwa uroho wenu wa Kisukuma."

Alicheka mpaka chungwa likamdondoka. Ndiyo faida ya utani. Unaweza kukaa na mtu usiyemjua ukawa umeshafika katikati ya nyumba yake. Nikakaa. Nikamwambia picha ya kichwa imeonyesha nini, halafu nikamwambia habari ya damu.

"Safi kivipi?" akauliza.

"Safi, mama. Doto hana Alzheimer. Hajawahi kuwa nayo. Kinachomsahaulisha ni ile damu ya kuanguka."

Hakufurahi. Nilitegemea vigelegele, nikaona mtu anainamisha kichwa anaokota maganda ya chungwa moja moja. Nikamwuliza, kwa sauti ya chini maana barazani palikuwa na watu, siku ya kipimo cha kwanza ilikwendaje.

"Tulibadilishana," akasema.

"Mlibadilishana nini?"

"Viti. Waliita Doto, nikaenda mimi. Waliita Kulwa, nikamsukuma Doto akaenda. Mashine ikatuangalia, ikasema sawa."

Ingesema nini kingine? Sisi tunawatambua watu kwa vinasaba, na tunajisifu kwamba mashine yetu haijawahi kumpokea mtu kwa jina la mwingine. Mapacha wa yai moja wana vinasaba vilevile. Shimo kubwa namna ile, na wataalamu wote wa Dodoma waliliruka.

"Lakini kwa nini, mama?"

"Kwa nini?" Alinishangaa. "Mimi si ndiye Kulwa? Mimi nilitangulia kutoka. Tangu tunatambaa, jambo la hatari naingia mimi kwanza, yeye anafuata. Dawa chungu, sindano, kuvuka mto, hata kuolewa. Niliona anapika sufuria haina maji, nikajua damu yake itakuja mbaya. Nikasema, ubaya huo uandikwe kwa jina langu. Mimi wakinipora neno nitapiga kelele mpaka wanirudishie. Doto angenyamaza tu, akafa amenyamaza."

"Na majibu yalipokuja Nne kwa jina la Doto, hukushtuka?"

"Nishtuke nini? Nikasema serikali haidanganyiki. Mashine imetujua, imemrudishia kila mtu damu yake. Si ndiye aliyekuwa anasahau? Kila mtu alimwona. Nikaona aibu kwa kujaribu kuidanganya, nikanyamaza, wakaniandika mlezi wake wa neno, nikamlea."

Halafu maneno yakamkatika ghafla. Nililiona jambo lile likimjia. Mkono ulibaki hewani na ganda la chungwa.

"Mngoni."

"Naam, mama."

"Kama hii ya leo ndiyo damu ya Doto, ile ilikuwa ya nani?"

Nilitamani anitukane. Nilitamani mtu atoke ndani aite jina langu. Nimesoma damu za watu wengi, na majibu mabaya nimeyatoa mengi, lakini sikuwahi kumwona mtu anayajua mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Nikamshika mkono, nikasema, "Yako, mama."

Kisha akauliza kama mtu anayeuliza bei ya kanga, "Nitaanza lini?"

"Sijui. Hakuna anayejua. Mwili umefika Nne, akili yako haijafika. Inaweza kuanza mwakani. Inaweza kukaa miaka kumi. Unaweza kufa na akili zako zote, ukazikwa nazo."

"Hata zinazojua mipaka ya watu?"

"Hata hizo."

"Basi damu yenu ina uongo wa aina yake," akasema.

*

Sasa nieleze nilivyobanwa, maana nilibanwa kweli.

Ili Doto apasuliwe, doa lake jekundu lazima lifutwe. Ili lifutwe, mimi msomaji lazima niseme ile damu ya kwanza ilikuwa na kasoro gani. Mfumo unakupa majibu mawili tu: damu ilichafuka, au damu ilikuwa ya mtu mwingine. Nikisema ukweli, kwamba ilikuwa ya Kulwa, doa linahamia kwake saa hiyohiyo. Kulwa akipata doa hana neno, na Kulwa ndiye mlezi wa neno wa Doto. Nani atakubali upasuaji? Doto mwenyewe alikuwa hajui yuko wapi. Alikuwa ananiita mimi mama. Ingebidi shauri liende kwenye kamati Dodoma, na kamati ikae, na ile damu ya kichwani haisubiri vikao.

Tena kulikuwa na la pili. Sheria inafuta kila neno la mtu wa Nne kuanzia siku damu yake ilipochukuliwa. Kulwa alikuwa ameamua mashauri mengi tangu siku ile. Kulikuwa na mjane mmoja wa kijiji cha jirani, shemeji zake walitaka kumtoa shambani na watoto wake, Kulwa akasimama imara akampa haki yake. Doa likihamia, uamuzi ule unayeyuka, na shemeji watakuwa mlangoni asubuhi yake.

Utasema basi Skola dili lilikuwa jepesi, danganya. Si jepesi hata kidogo. Mtu anayeamua haki za watu akiwa na tau imetapakaa kichwani, je, siku atakapoanza kuteleza nani atajua? Atamdhulumu nani kabla hatujajua? Mimi ndiye niliyewekwa pale nijue. Nilimwambia hivyo usoni, palepale barazani.

"Ningekuwa mimi ndiye niliyeporwa shamba," nikasema, "nisingependa kusikia kwamba daktari alikuwa anajua."

"Hata mimi nisingependa," akajibu. Akafikiri. "Mponye Doto. Doto akipona, yeye atanichunga. Ananijua kuliko ninavyojijua. Siku atakayoniona nimekosea jina la mtu nimjuaye, ataniambia, na siku hiyo nitatoka kwenye baraza la kata kwa miguu yangu. Nakuapia."

"Kiapo chako kisheria hakipo, mama."

"Nakuapia hivyohivyo, mtumwa wangu."

Nilirudi ndani. Nikabonyeza kwamba damu ilichafuka. Kidole changu hakikutetemeka, na mpaka leo sijui kama hilo ni jambo la kujivunia. Kulwa akaweka dole gumba kwenye kibali cha upasuaji, na gari likampeleka Doto hospitali ya kanda.

*

Doto alizinduka akiwa na hasira.

"Nani kaninyoa?" lilikuwa neno lake la kwanza. "Kulwa! Umewaacha wageni waninyoe kichwa, na wewe una nywele zako?"

Kulwa alipiga magoti pale kitandani akalia kama mtoto. Alilia kwa kwikwi, akimpapasa uso, akimwuliza majina: mama yetu aliitwaje, yule fahali mweupe aliuzwa kwa nani, nani alikuja kuposa akakimbizwa na nyuki? Doto alijibu yote, tena kwa kuudhika, kwamba maswali gani haya ya kitoto. Kesho yake Kulwa alirudi naye amenyoa upara. La pacha ni la wote wawili, akasema. Wauguzi wakawa wanapita pale makusudi wawatazame wale wazee wawili wenye vipara wakigombania kijiko cha uji. Mimi mwenyewe nilicheka siku ile kama niliyelipwa.

Na katika furaha ile tulifanya kosa. Mimi na Kulwa, sisi wenye akili zetu, hatukumwambia Doto kitu. Tulidhani siku ya kipimo ilizama pamoja na miezi yake mingine ya ukungu. Hakuikumbuka safari ya kuja kwangu, hakuikumbuka mashine, hakukumbuka kwamba aliniita mama. Tukaamini na siku ya kipimo haikumbuki. Kulwa alitaka apate nguvu kwanza ndipo amweleze habari ya kumchunga. Alisema hataki kumpokea mtu kutoka gizani na kumtwika mzigo mlangoni.

*

Mtu akifutiwa doa jekundu, Ofisi ya Hatua humtuma msajili aje amsikie kwa masikio yake kabla ya kumrudishia neno na kadi nyeupe. Jambo hilo hutokea mara chache sana, kwa hiyo hata nyumba ya mapacha ilipakwa chokaa. Msajili aliyetumwa aliitwa Fabiani Rweyongeza, kijana wa Kihaya, mtaratibu, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Ningependa angekuwa mtu mbaya. Hakuwa. Alikula ugali wao, akasifu mlenda, akamwamkia Doto kwa heshima zote.

Alimwuliza maswali yaliyopangwa. Siku, mahali, majina, hesabu ndogondogo. Doto aliyajibu yote, akapitiliza, akamwuliza na yeye anajua kukamua ng'ombe au anajua ndizi tu. Tukacheka wote. Rweyongeza akagusa kifaa chake, kadi ya Doto ikawa nyeupe mbele ya macho yetu.

"Hongera, mama. Kuanzia sasa neno lako ni neno."

Kulwa akapiga kigelegele. Majirani waliokuwa uani wakaitikia.

"Limebaki moja la kufungia faili," Rweyongeza akasema. "Daktari Gama ameandika kwamba damu ya kwanza ilichafuka. Mama, siku ile unaikumbuka? Chochote. Kama huikumbuki, sema huikumbuki, tunamaliza."

"Haikumbuki," nikadakia. "Alikuwa mgonjwa sana, na hawa Wasukuma hata wakiwa wazima hukumbuka ng'ombe tu."

"Nyamaza, Mngoni, nimeulizwa mimi," Doto akasema kwa furaha. "Naikumbuka! Hiyo siku naikumbuka kuliko zote, maana nilikuwa naogopa sindano. Mwanangu, unamwona huyu?" Akamshika Kulwa bega. "Duniani hakuna mtu kama huyu. Waliniita mimi, akaenda yeye. Akatoa damu kwa jina langu, mimi nikatoa kwa jina lake, ili ugonjwa wangu uwe wake. Nilikuwa kama mlevi siku hizo, lakini hilo nililiweka moyoni nikasema nikipona nitalisema mbele za watu. Na leo nalisema. Kumbe maskini kajitoa bure, hata huo ugonjwa sikuwa nao!"

Akacheka, akamkumbatia pacha wake. Kulwa hakusogea. Kule uani mtu mmoja alianza kupiga makofi, akaacha.

Rweyongeza alinitazama mimi. Nilikuwa nimetazama chini. Akamtazama Kulwa, na nikaona anatamani asingekula ugali wa nyumba ile. "Mama Kulwa," akasema, "naomba kidole."

"Cha nini tena?" Doto akauliza. "Si tumemaliza?"

Kulwa alinyoosha mkono. Tone likaingia kwenye kipimio, tukasubiri, na Doto aliendelea kuuliza cha nini, mpaka alipoona kadi ya mwenzake inabadilika rangi. Hapo akaelewa. Hakuwa mjinga hata siku moja, na sasa kichwa chake kilikuwa kinafanya kazi sawasawa. Alitoa sauti ambayo sitaki kuieleza.

Rweyongeza aliyafanya yaliyobaki haraka haraka, kwa sauti ya kunong'ona. Leseni yangu ilisimamishwa palepale, na hilo haliniumi. Uamuzi wa Kulwa barazani tangu siku ya kipimo ukafutwa. Ndugu wa karibu mwenye neno halali alikuwa mmoja tu, akaandikwa yeye kuwa mlezi. Doto Malongo, mlezi wa neno wa Kulwa Malongo.

"Andika," Kulwa akasema. Sauti yake ilikuwa imara, kama yupo barazani. "Shauri la yule mjane niliamua nikiwa na akili timamu. Mashahidi niliwasikia wote, wa huku na wa kule. Shamba ni lake na watoto wake. Andika hivyo, mwanangu, na uandike kwamba mimi ndiye niliyesema."

Rweyongeza hakuandika. Hakumtazama hata kumtazama; sheria haimruhusu. Aligeuza kifaa chake kuelekea kwa yule mwingine.

"Mama Doto," akasema, "mgonjwa anasemaje?"

Doto alifungua kinywa. Akamtazama pacha wake, akataka kusema, kilio kikamziba. Alijifunika uso kwa kanga akaanguka juu ya magoti ya Kulwa. Kulwa akamwinamia, akarudia maneno yale polepole, moja baada ya jingine, ili mwenzake ayashike: shamba, mjane, watoto, mashahidi. Alirudia tena. Akarudia tena kwa sauti kubwa zaidi, na sote tuliokuwa mle ndani tulimsikia.

Rweyongeza alisubiri muda uliowekwa na sheria. Ulipokwisha, akaandika kwamba mlezi hakusema kitu, akavaa viatu vyake.